Siku Baba Mkwe Alipopima Godoro

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali na kuna mtu anakushikia karatasi, basi nimekuandikia wewe. Wenye afya nao wanaruhusiwa kusoma, hasa wale wanaofika kumwona mgonjwa, wakasimama mlangoni, wakasema "utapona tu," kisha wakaaga kabla hawajaketi. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nimezoea kusema jambo moja mara tatu, kwa hiyo mtanivumilia.

Mgongo wangu ulianza kuuma katika miaka ile ya elimu ya kujitegemea, kila shule ilipokuwa na shamba lake na walimu tukashika jembe pamoja na watoto. Kwa hiyo nililaumu jembe. Mume wangu Deusi, naye mwalimu, alilaumu kitanda. Jirani alilaumu watu ambao sitawataja. Nilikunywa dawa za majani, nikachuliwa kwa samli, nikaendelea kufundisha nikiwa nimeegemea ubao. Asubuhi moja chaki ilianguka, nikainama kuiokota, nikashindwa kuinuka. Watoto walicheka wakidhani ni mchezo. Walipoona nalia wakanyamaza darasa zima, na ule ukimya wao ndio ulionitisha kuliko maumivu.

Hospitalini Bukoba tulikaa kwenye benchi siku mbili tukisubiri picha ya mgongo. Benchi lile nalijua hadi leo: lilikuwa na msumari uliochomoza upande wa kushoto, na kila aliyefika alionywa na aliyetangulia. Siku ya tatu daktari akasema ni kifua kikuu, kimeingia kwenye mifupa ya mgongo.

"Mimi sijawahi kukohoa hata siku moja," nikamwambia, kana kwamba nimemkamata na kosa la hesabu.

"Huko kilikojificha hakikohoi, Mwalimu," akajibu.

Nilipewa sindano za kila siku, tisini kwa jumla, na vidonge vya mwaka mzima na zaidi. Juu ya hayo niliagizwa kulala chali, nisikae, nisisimame, hadi mifupa ishikane. Tangu hapo sikuhesabu tarehe. Nilihesabu sindano.

Ilipofika sindano ya thelathini hospitali ilihitaji kitanda changu. Sasa niende wapi? Deusi alikuwa amehamishiwa shule ya Ngara, na barua yake ya kuomba kurudi ilikuwa inazunguka ofisini. Mama yangu alikuwa kisiwani Goziba kwa dada yangu aliyejifungua mapacha, na kutoka huko unategemea mtumbwi na hali ya ziwa. Mama mkwe alikuwa amefariki. Nyumbani alibaki mtu mmoja tu, baba mkwe wangu, Mzee Rwezaura.

Kwa msomaji asiye Mhaya lazima nieleze hapa. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Haingii chumba ninacholala. Hanigusi. Akinikuta njiani nimejitwika mzigo, atageuza uso hadi nipite. Kuona mwili wangu, hata mgongo tu, ni mwiko ambao mzee wa kizazi chake angeona afadhali apofuke. Alikuwa akiniita "Mwalimu," nami nikimwita "Tata," yaani baba, na maneno yetu mengi yalipitia kwa Deusi. Mtu huyo hawezi kukuuguza.

Lakini aliweza kunitafutia mahali. Karibu na Kagoma palikuwa na nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa muda mrefu na wazee wasiojiweza, iliyoanzishwa na wamisionari na baadaye kuwa chini ya halmashauri. Nitaiita Nyumba ya Kilimani, na hilo si jina lake. Mzee Rwezaura alikwenda kuikagua mwenyewe kwa miguu. Kazi yake ilikuwa kupokea na kupima ubora wa kahawa katika chama cha ushirika cha kwetu, na wakulima walimwogopa kuliko mvua ya mawe. Watu walikuwa na mchezo wa kuweka kahawa nzuri juu ya gunia na mbovu chini. Yeye hakutazama juu. Alikunja mkono wa shati, akazamisha mkono hadi kwapani, akatoka na kiganja cha kahawa ya chini kabisa, akainusa. Hiyo ndiyo iliyokupa daraja.

Alirudi akamwambia Deusi, aliyepewa ruhusa ya siku chache kuja kunihamisha, "Nimepaona. Jikoni hakuna nzi, kisima kina mfuniko, na yule mama anayeongoza anakutazama machoni. Mpeleke." Jikoni, kisima, macho ya mama. Vyumba vya wanawake hakuingia, na nani angemlaumu?

Wiki za kwanza sikuwa na la kulalamikia. Mama Imelda, mwuguzi aliyeongoza nyumba, alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa ya upole. Kila baada ya saa nne yeye na msaidizi wake walinigeuza, mmoja kiunoni na mwingine mabegani, kwa pamoja, ili mgongo usipinde. Dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, alipita asubuhi kupiga sindano. Kwenye kitanda cha pembeni yangu alikuwapo Bibi Magdalena, mjane wa Kilutheri kutoka Rwamishenye, aliyepooza upande mmoja. Alinitania kwa ajili ya rozari yangu, nami nikamtania kwa nyimbo zake zenye beti kumi na mbili. Tulipatana.

Sindano ya hamsini msaidizi alihamishwa, na mwingine hakuletwa. Mtu mmoja hawezi kumgeuza mgonjwa wa uti wa mgongo bila kumpinda, na mpishi alikatazwa kushika wagonjwa. Mama Imelda akaanza kumsubiri dresa, na dresa alikuja mara moja kwa siku. Nikawa nageuzwa mara moja kwa siku. Mwili wa mtu si jiwe. Kwanza nilisikia moto chini ya kiuno, kisha mkwaruzo, kisha sikusikia kitu, na hapo ndipo ningetakiwa kuogopa. Harufu ndiyo iliyoniambia. Nilidhani kuna panya amekufa chini ya kitanda, nikamwomba Mama Imelda atazame. Hakutazama chini ya kitanda. Alinitazama mimi, macho yakajaa machozi.

"Nimeomba msaidizi mara tatu, Mwalimu," alisema. "Nikipiga kelele zaidi watasema nyumba imeshindwa, waifunge. Nanyi nyote nane mtakwenda wapi?"

Nilimhurumia. Nilimchukia pia, na sitaficha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikinuka, nikisikiliza wanaokwenda kisimani wakicheka nje ya dirisha. Homa ilianza kuja kila mchana. Dresa alifunga kidonda kwa maji ya chumvi na dawa ya zambarau, akasema kwa sauti ya chini kwamba kikifika mfupani, sindano zote nilizopigwa zitakuwa kazi bure.

Basi tukasikia kwamba kamati ya afya inakuja kukagua nyumba. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Mzee Rwezaura. Wakubwa walimchagua kwa sababu ya ukali wake kwenye kahawa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na Bibi Magdalena akaitikia amina yake ya Kilutheri. Nilijiambia kwamba safari hii atazamisha mkono hadi chini.

Ilikuwa kiangazi, sindano ya sabini. Asubuhi ile mashuka mapya yalitolewa sandukuni yakinuka vidonge vya nondo. Sakafu ilisuguliwa. Shuka langu jipya lilitandikwa juu ya godoro lile lile bichi, nikalazwa juu yake, nikafunikwa hadi kidevuni. Kisha Mama Imelda akaleta pazia na kuzungushia kitanda changu peke yake.

"Ni kwa heshima ya Mzee," alisema. Na kweli ilikuwa heshima. Hata mama yangu mzazi angelizungusha.

Nilisikia viatu. Nilisikia kamati ikisimama kwa kila kitanda, ikiuliza chakula, ikiuliza dawa. Walipofika kwangu viatu vikasimama mbali. Nilijua bila kuona kwamba ameugeukia ukuta.

"Wabonaki, mwana wange?" akanisalimu, yaani umeona nini, mwanangu.

"Nabona elungi, Tata," nikajibu, kwamba nimeona mema, kama mkwe mwema anavyojibu.

"Unakula?"

"Nakula, Tata. Tunashukuru."

Viatu havikusogea. Alikuwa anangoja, nadhani. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni: Tata, mgongo wangu unaoza. Lakini huwezi kumtajia baba mkwe mgongo wako mbele ya wanaume wanne na karani. Ulimi ulikataa. Viatu vikaondoka. Nilisikia mmoja akisema pale ni pasafi, na mlango ukafungwa.

Bibi Magdalena alinisema siku hiyo kama mama mkwe niliyempoteza.

"Pazia ameweka Imelda," alisema. "Lakini aliyejifunika ni wewe. Elimu yote uliyonayo, umeshindwa kusema neno moja?"

"Wewe ungemwambia baba mkwe wako?"

Alifikiri. "Nisingemwambia," akakiri. "Ningekufa na adabu zangu. Kwa hiyo usinifuate mimi."

Siku nane baadaye taarifa ya kamati ilifika, na Mama Imelda akaisoma kwa sauti iliyokuwa ikikwama. Usafi ni mzuri. Chakula kinatosha. Wagonjwa hawana malalamiko. Nyumba inaridhisha. Alipomaliza hakuna aliyemtazama mwenzake. Homa yangu siku hiyo ilikuwa imeanza asubuhi badala ya mchana, na miguu yangu, iliyokufa ganzi tangu siku ile ya chaki na kuanza kusikia vidole tena, ilikuwa baridi. Nilielewa kwamba nitafia kwenye nyumba inayoridhisha.

Nikaomba penseli. Kuandika ukiwa umelala chali, karatasi juu ya uso, ni kazi ya kuumiza shingo. Nilifuta barua nne. Zote zilitaja mwili na zote zilinitia aibu hata kabla hazijatumwa. Ya tano ilikuwa na mstari mmoja tu: "Tata, gunia langu ulilipokea bila kuzamisha mkono."

Nilimpa Mama Imelda barua hiyo ikiwa wazi, bila bahasha. Sikutaka kumzunguka. Aliisoma, akaketi ukingoni mwa kitanda muda mrefu, kisha akafunga kitambaa kichwani. Aliipeleka yeye mwenyewe kwa dereva wa lori la kahawa. Kila ninaposimulia habari hii watu hutaka kumtukana Imelda, nami huwakatiza hapo.

Sindano ya themanini na moja, Mzee Rwezaura alikuja peke yake. Ilikuwa siku ya kupokea kahawa, wakulima walikuwa kwenye foleni, na yeye aliwaacha. Sikuambiwa amefika. Nilisikia sauti yake uani, chini ya dirisha langu.

"Mama Imelda, sitaingia. Mhamishe Mwalimu kwenye kitanda kingine. Kisha niletee godoro lake."

"Godoro, Mzee?"

"Godoro. Yeye siwezi kumtazama. Godoro si mkwe wangu."

Mama Imelda na mpishi, bila kujali katazo siku hiyo, walinigeuza, wakanivusha hadi kitanda kitupu. Waliliviringisha godoro na kulitoa. Nilisikia likitua kwenye nyasi. Nilisikia shuka likivutwa. Kisha sikusikia kitu kabisa, na nilitamani ardhi inimeze, maana alama ya mwili wangu ilikuwa pale juani mbele ya mtu ambaye hakupaswa kuona hata kisigino changu.

Baadaye mpishi alinieleza. Mzee alisimama akitazama doa, jeusi katikati na njano pembeni. Alikunja mkono wa shati. Akazamisha mkono ndani ya sufi ya godoro, kupitia pale kitambaa kilipooza, hadi kwenye kiwiko, akatoa kiganja, akanusa. Kisha akaketi chini kwenye nyasi, mzee wa heshima zake, na kofia yake ikaanguka hakuiokota.

Nililosikia mimi ni hili:

"Ni mimi niliyepasifu mahali hapa. Mara mbili."

"Mzee, niko peke yangu," Mama Imelda alisema huku akilia. "Naogopa mtafunga nyumba."

"Waitu, mwenzetu, ungesema. Umenifunikia gunia, nami nikafurahi kufunikiwa." Nilimsikia akiinuka. "Sifungi nyumba. Lakini kuanzia leo Mwalimu halali tena kwenye godoro hili."

Jioni ile ile lilikuja godoro lake mwenyewe kutoka nyumbani, na lile la kwangu likachomwa. Kesho yake alikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Wakati huo kila kaya ilikuwa na zamu ya kulima shamba la pamoja, na atakayekosa angeitwa mvivu mbele ya watu. Mzee aliomba kwamba zamu ya wanawake wawili kila siku ihesabiwe iwapo wataifanya Kilimani, kugeuza wagonjwa. Wengine walicheka, wakauliza tangu lini mgonjwa akawa shamba. Aliwauliza kama shamba hulipalilia mara moja kwa mwaka. Ombi likapita. Wanawake walikuja wakiwa na majembe yao, wakayaegemeza ukutani, wakanawa mikono.

Naye akaleta kiti. Kila siku ambayo haikuwa ya kupokea kahawa alikiweka uani chini ya dirisha, akaketi akiwa ametupa mgongo, saa ya mkononi ikiwa magotini. Saa ilipotimia aliita, "Geuzeni!" Wanawake waliitikia, "Tunageuza, Mzee!" Hakugeuka hata mara moja. Kwa miezi saba nilichoona cha baba mkwe wangu ni kisogo na mabega. Kuna siku nilichoka naye, nikatamani anyamaze nilale. Kuna siku mvua ilimnyeshea na hakuondoka, nami nikalia chini ya shuka.

Sindano ya tisini ilipita bila sherehe, vikabaki vidonge. Kidonda kilifumba polepole, kikaacha shimo dogo ninamoweza kuweka kidole hadi leo. Senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka mwezi wa kumi na moja kilikuwa kimekauka. Bibi Magdalena alikula senene bakuli zima, ingawa zamani wanawake wa kwetu walikatazwa. "Nimepooza upande mmoja," alisema, "mila itanishika upande gani?" Alifariki kabla ya masika, usingizini. Nilimwimbia beti zote kumi na mbili, na sikuruka hata moja.

Masika yalipoanza nilivalishwa koti la plasta na kupewa magongo. Miguu ilikuwa imebaki fito. Siku ya tatu nilifika hadi barazani, Deusi akiwa kando yangu, maana hatimaye uhamisho wake ulikuwa umekubaliwa. Kiti kilikuwa pale uani, na Mzee amekikalia, ametupa mgongo.

"Nani huyo anayetembea?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni Mwalimu, Tata," nikajibu.

"Mpola mpola, mwana wange," alisema, yaani polepole. Halafu mabega yale niliyoyajua kuliko uso wake yakaanza kutikisika, nasi tukarudi ndani tumwachie nafasi yake.

Nilirudi darasani baada ya mwaka mwingine. Siinami; chaki ikianguka, watoto huiokota. Wewe uliyelala, nakuomba jambo moja: mgeni wako akikuuliza hali, usimjibu salamu tu. Nawe uliyekwenda kutazama nyumba ya kumlaza mzazi au mke, usiridhike na jikoni na kisima. Inua shuka. Tia mkono chini. Kama kuna mwiko unaokuzuia, tafuta njia ya kuuheshimu huku ukipata ukweli, maana njia ipo.

Mzee Rwezaura mwenyewe aliangushwa na kiharusi miaka michache baadaye, akapooza upande mmoja kama Bibi Magdalena. Hatukumpeleka popote. Deusi na mdogo wake walimtunza chumbani kwake, na mimi, mkwe, sikuweza kuvuka kizingiti. Kwa hiyo nilileta kiti. Nilikiweka barazani karibu na mlango wake, nikaketi nimeupa mlango mgongo, saa yake ya mkononi ikiwa magotini pangu, na kila baada ya saa nne niliita, "Mgeuzeni Tata!"

Siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari, nikapitiwa. Kutoka ndani ilikuja sauti yake, nzito, ya nusu mdomo.

"Mwalimu. Umechelewa dakika tano."